Upande wa Dereva

Asubuhi ya gulio, soko la Kasulu halina adabu. Maharage yamemwagwa chini mpaka kwenye njia ya watu, bodaboda zinasukumwa kwa mkono, na kipaza sauti cha muuza dawa ya panya kinarudia maneno yale yale tangu alfajiri. Katikati ya vurugu hiyo alikuwa akipita Isihaka wa Kibondo, fundi magari, kijana mrefu mwenye mabega ya kubebea injini, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Hakuja kutafuta mchumba. Alikuja kutafuta springi.

Alikuwa amefika mlangoni kwa Mzee Nurudini, duka la spea, pale mkokoteni wa magunia ulipomkumba kwa nyuma. Akarushwa juu ya kaunta. Kopo la grisi lililokuwa pale juu likaruka, likapinduka, likatua kifuani mwa dada aliyekuwa amesimama upande wa pili.

"Mawe!" Isihaka akapiga kelele. "Mawe we!"

Huyo dada alikuwa Kuruthumu, mpwa wa Mzee Nurudini. Alikuwa mtu wa Tanga, na hata msimu mmoja wa mvua alikuwa hajaumaliza Kasulu. Siku hiyo alikuwa amevaa dera la zambarau, mtandio umefungwa nyuma, kalamu imechomekwa ndani ya mtandio, na mikono imepigwa hina mpaka kwenye vifundo. Alilitazama dera lake, kisha akamtazama yule mwanamume.

"Mawe? Umenimwagia grisi, halafu unataka kunipiga mawe?"

"Dada, sikusema..."

"Jamani, mmemsikia! Anaomba mawe! Nani ampe?"

Watu wakacheka. Isihaka uso ukamwiva. "Mawe ni mama," alisema kwa hasira. "Mama yangu alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Manyovu. Kwao ukishtuka unamwita mama yako. Unasema mawe."

"Na huyo mama yako ndiye aliyekufundisha kurukia meza za watu?"

"Mama yangu ameshafariki."

Roho ilimsuta Kuruthumu, lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya kadamnasi. Akachukua kitambaa, akaanza kujifuta.

"Mungu amrehemu," alisema. "Lakini grisi bado iko kwenye dera langu. Unataka nini?"

Isihaka akataja mahitaji yake kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Springi za mbele za Landrova mia na tisa, ile ya zamani. Shokapu. Bushi zote za chini, zile za mpira, maana zilizopo zimeisha, gari linayumba, likiingia kwenye mashimo usukani unacheza mkononi. Kuruthumu akawa anamsikiliza huku mkono unakwenda wenyewe kwenye rafu, anatoa hiki, anaweka kile, bila hata kugeuka kuangalia. Isihaka aliuona mkono huo. Aliona na ile hina. Akajikuta amesahau orodha imefikia wapi.

"Umekwama?" Kuruthumu akamuuliza. "Au unasubiri mkokoteni mwingine?"

"Springi unazo?"

"Shokapu na bushi ninazo, chukua. Springi za hilo dude lako mpaka niagize Dar. Nipe namba."

"Namba ya springi, au yangu?"

"Ya simu, kaka. Usijipendekeze."

Akampa. Alipotoka nje akagundua ana tone la grisi kwenye shati jeupe, na wala hakukasirika.

Sasa, usije ukadhani hiyo Landrova ilikuwa gari tu. Baba yake Isihaka, Mzee Salumu, aliinunua kutoka kwa shemeji zake mwaka ule ule alipooa. Ilivushwa Manyovu na bibi harusi amekaa ndani. Miaka ikapita, siku moja mama huyo akashikwa na uchungu njia ya Kagerankanda, na hospitali iko mbali, na Isihaka akazaliwa humo humo nyuma, kati ya gunia la mihogo na tairi la akiba. Mama alipofariki, kitambaa chake cha kichwani kilikuwa bado kimefungwa kwenye kioo cha ndani. Kipo mpaka leo, na hakuna anayethubutu kukifungua.

Lakini gari lilikuwa limechoka. Msimu uliopita Mzee Salumu alikuwa akirudisha akina mama wa Titye kutoka sokoni, gari likayumba kwenye mteremko, likasimama na gurudumu moja liko hewani. Hakufa mtu. Ila mzee alishuka, na toka siku hiyo hakuligusa tena. Akapatikana mnunuzi, mtu wa Dar mwenye hoteli, anataka Landrova kuukuu aiweke bustanini, atoe injini, apande maua ndani ya boneti.

"Maua?" Isihaka aliuliza. "Kwenye gari la mama?"

"Bora maua kuliko maiti," baba yake akamjibu. "Anakuja baada ya Idi. Ukiweza kulifanya lishike barabara kabla hajafika, libaki. Likiyumba tena hata mara moja, linaondoka, na nisisikie neno."

Basi hapo ndipo Isihaka alipokuwa amesimama. Ile ndiyo nyumba alimozaliwa, na ilikuwa inakwenda kupandwa maua.

Simu zikaanza. Kwanza za kazi, au ndivyo wote wawili walivyojidanganya.

"Springi zimefika?"

"Salamu huko Kibondo hamna?"

"Hujambo. Springi zimefika?"

"Sijambo, na hazijafika. Ulikula nini leo?"

"Ugali na maharage. Inakuhusu?"

"Hainihusu. Ndiyo maana una hasira. Mtu anakula maharage kila siku kama anaadhibiwa."

"Na wewe unakula nini, malkia wa Tanga?"

"Wali wa nazi."

"Nazi Kasulu unaitoa wapi?"

"Naletewa. Wapo watu wanaonijali, kaka Isihaka."

Alikaa na hilo neno usiku kucha, akigeuka huku na huku kitandani. Watu gani hao? Asubuhi akapiga tena, akasingizia bushi.

"Unapiga kugombana?" Kuruthumu akauliza.

"Ndiyo."

"Basi ngoja nivute kiti nikae vizuri."

Wakagombana wee, mpaka wateja wakaanza kugonga kaunta. Waligombana kuhusu nazi, kuhusu Waha wa huku na watu wa pwani nani ana maneno mengi, kuhusu grisi iliyokataa kutoka kwenye dera. Na siku moja Isihaka akajikaza, akasema, "Gari likikaa sawa nitakuja kukuchukua. Nikupeleke Manyovu ukaone mpaka."

"Unichukue? Nikae upande wa abiria kama gunia la maharage yako?" Kuruthumu akafyonza. "Nimeendesha Fuso la baba kule Tanga tangu sijaota jino la mwisho. Sikai upande wa abiria kwenye gari la mwanamume yeyote. Andika hiyo."

"Nimeandika."

"Haya. Springi zako zinatoka Dar kesho. Unataka zote mbili za mbele?"

"Ya dereva na ya abiria. Usizichanganye, hazilingani. Ya dereva ina nguvu zaidi."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha."

"Nikumbushe kuswali, spea niachie mimi."

Springi zilipofika, Kuruthumu alizitazama vizuri. Kweli hazikulingana, moja ilikuwa imepinda juu zaidi ya mwenzake, kiasi cha unene wa kidole. Akachukua rangi nyeupe. Dukani kwa baba yake Tanga walikuwa hawaandiki dereva wala abiria, kwa sababu mafundi wa kule huuliza mkono tu, kulia au kushoto. Kwa hiyo ile ya dereva akaiandika KULIA, ile ya abiria akaiandika KUSHOTO. Akazifunga kwa kamba, akazipakia kwenye buti la basi la Kibondo, akampigia simu.

"Nimekuandikia kabisa, usije ukasumbuka. Weka kama zilivyoandikwa."

"Ahsante, mpenzi."

"Umesemaje?" Kuruthumu akauliza.

"Nimesema ahsante, mteja."

"Mteja ni wewe, si mimi," alisema, akakata. Akaenda kukaa nyuma ya rafu mpaka uso ulipopoa.

Isihaka alifunga zile springi kwa heshima zote. Ya KULIA kulia, ya KUSHOTO kushoto. Akabadilisha shokapu, akagonga bushi mpya, akakaza yubolti zinazoshika springi, akapaka grisi kila penye kiungo, akanyoosha magurudumu kwa kamba. Hakulala vizuri kwa raha. Siku mbili kabla ya mnunuzi kufika akamwambia baba yake, "Mzee, panda. Twende mteremkoni."

Mzee Salumu akapanda akiwa amevaa kanzu na baraghashia, ameshika mlango kama anakwenda kuzama. Gari lilipoondoka tu Isihaka akasikia kitu hakiko sawa. Upande wake ulikuwa umelala. Walipoanza kushuka, gari likaanza kuvuta kushoto. Akalirudisha. Likavuta tena, kwa nguvu zaidi, na walipofika kwenye kona lilijilaza upande ule kama ng'ombe aliyechoka kulima. Gurudumu likaingia mtaroni, mzee akagonga kichwa juu, baraghashia ikaruka dirishani.

Vumbi lilipotulia, Mzee Salumu alishuka, akaiokota baraghashia yake, akaipangusa kwenye goti.

"Lilikuwa bovu," alisema. "Sasa umelifanya baya zaidi. Mwambie mtu wa Dar aje na maua yake."

Isihaka alikaa mtaroni. Hasira ilimpanda mpaka macho yakauma. Alizifunga mwenyewe zile springi, anajua alizifunga sawa. Basi mbovu ni springi. Na springi zimetoka kwa nani? Akatoa simu, akafungua kundi la mafundi wa Kasulu na Kibondo, akabonyeza kirekodi sauti, akasema maneno ambayo mtu mwenye akili angeyameza.

"Jamani mafundi. Pale kwa Mzee Nurudini kuna dada wa Tanga. Msinunue kwake. Mdomo mtamu, mali feki. Ameniuzia springi za bandia nusura nimuue baba yangu mzazi. Msambazie na mwenzako."

Wakasambaza. Watu wanasambaza kitu kama hicho haraka kuliko habari za msiba. Kuruthumu aliisikia kwenye simu ya mteja, ndani ya duka lao wenyewe, sauti iko juu, watu wamejaa. Sauti aliyoizoea. Sauti iliyomwita mpenzi. Mteja akacheka, mwingine akarudisha filta aliyoinunua. Mjomba wake akatoka nyuma ya duka, akamtazama, na ule utazamaji ulikuwa mbaya kuliko kupigwa.

Akampigia Isihaka hapo hapo.

"Wewe!"

"Ndiyo, mimi."

"Una haya wewe? Ungenipigia. Namba yangu huna? Mbona ya nazi ulipiga? Mbona ya kuuliza nimelalaje ulipiga?"

"Gari limeingia mtaroni, Kuruthumu! Baba alikuwa ndani!"

"Umefunga vibaya."

"Mimi? Mimi nimefunga vibaya? Nimefunga kama ulivyoandika!"

"Basi hujui kusoma."

"Na wewe hujui kuuza. Rudi Tanga ukauze nazi."

Kuruthumu akavuta pumzi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nasikia raha ukipiga, Isihaka. Ujue tu. Nilikuwa nakaa na simu karibu kama mjinga. Sasa usipige tena." Akakata, akamfungia namba.

Isihaka alibaki ameshika simu sikioni. Aliumia, sisemi uongo. Lakini alikuwa na kichwa kigumu kama nyundo, akajiambia feki ni feki, akaenda kulivuta gari kutoka mtaroni.

Siku ya mnunuzi ikafika. Alikuja na suti ya kijivu, viatu vyenye ncha, na futi ya kupimia, akawa anazunguka pale gereji Kibondo akipima boneti. "Hapa tutaweka waridi," alisema. Mzee Salumu alikuwa amekaa kwenye benchi, hatazami. Isihaka alikuwa amesimama mbele ya kioo, anajaribu kufungua fundo la kitambaa cha mama yake, vidole havitaki.

Bodaboda ikasimama. Akashuka Kuruthumu. Alikuwa na lile dera la zambarau, doa la grisi lipo pale pale kifuani kama nishani, na mtandio mweusi uliokazwa kwa hasira. Alikuwa amepanda basi la kwanza kutoka Kasulu. Mafundi wakaacha spana zao. Yeye hakuwasalimia hata mmoja, akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye feki."

Mzee akakohoa. Kuruthumu akamgeukia Isihaka.

"Springi zangu ziko wapi?"

"Ziko chini ya gari. Zitazame, halafu uondoke."

Akainama, dera akalikusanya magotini, akachungulia. Rangi yake nyeupe ilionekana vizuri. KULIA iko kulia. KUSHOTO iko kushoto. Akaguna. Hakulitegemea hilo. Njia nzima alikuwa amejiapiza kwamba atazikuta zimegeuzwa.

"Umeona?" Isihaka akasema. "Sijui kusoma, eti."

"Nipe ufunguo."

"Nikupe nini?"

"Ufunguo! Springi zangu ni nzima. Kama gari linavuta ni uendeshaji wako. Nitaliendesha mwenyewe mbele ya watu wote hawa, likinyooka utapiga magoti uniombe radhi."

"Likikutupa mtaroni?"

"Utanizika. Lete!"

Isihaka akamrushia. Kuruthumu akaudaka kwa mkono mmoja, akazunguka mbele ya gari, akamsukuma mwenye futi pembeni, akaenda mlango wa kulia, akaufungua kwa nguvu, akapanda, akaufunga kwa kishindo. Akakaa sawa. Akanyoosha mikono kushika usukani.

Akashika hewa.

Mbele yake hapakuwa na kitu. Chuma kitupu cha dashibodi, na kishikio cha abiria. Kuruthumu akabaki na mikono yote miwili hewani. Polepole akageuza shingo. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, umekaa zake, mweusi, umechakaa kwa mikono ya miaka mingi.

"Usukani," alisema, "unafanya nini kule?"

"Unafanya nini vipi? Uko mahali pake," Isihaka akajibu. "Uko hapo tangu nizaliwe."

"Gari hili limetoka wapi?"

"Burundi. Kwa wajomba zangu. Si nilikuambia mama ni mtu wa ng'ambo..." Akasita. Mdomo ukabaki wazi.

Kule kwa wajomba zake magari yanakwenda upande mwingine wa barabara, na dereva anakaa kushoto. Isihaka alilijua hilo tangu utotoni kiasi kwamba hakulifikiria tena. Kwake dereva wa Landrova ni kushoto, imekwisha. Na Kuruthumu wa Tanga hajawahi kuona gari la namna hiyo. Kwake dereva ni kulia, imekwisha.

"Uliniambia ya dereva," Kuruthumu alisema, taratibu.

"Ukaandika kulia."

"Nikaandika kulia."

"Na mimi nikaiweka kulia. Ile yenye nguvu. Upande wa abiria." Isihaka alijipiga kiganja kwenye paji la uso. "Mawe!"

"Mawe we," Kuruthumu akaitikia, hata hakujua kimemtokaje.

Aliyecheka wa kwanza ni Mzee Salumu. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha mafundi. Kisha gereji nzima. Wawili tu ndio hawakucheka.

"Hukuniambia!" Kuruthumu akafoka, akishuka.

"Hukuuliza!"

"Niulize vipi? Nikuulize gari lako lina kichwa upande gani?"

"Umeuza spea maisha yako yote!"

"Na wewe umekaa kwenye hilo gari maisha yako yote, hukuiona ile springi iko juu kuliko mwenzake?"

Isihaka akaichungulia springi tena. Aliiona. Aliiona kabisa siku ile, akasema Kuruthumu ameandika, Kuruthumu hakosei.

"Niliiona," alisema. "Nilikuamini kuliko macho yangu."

Hilo lilimpata mahali. Kuruthumu akatazama pembeni, akafunga mtandio upya ingawa ulikuwa umefungwa vizuri.

"Baba," alisema kwa mzee, "tunaomba nafasi. Tuzigeuze."

Yule wa Dar akasema yeye ana haraka. Mzee akamwambia akae anywe chai.

Wakaingia chini ya gari wote wawili. Kuruthumu alikuwa amejifunga khanga ya kuazima juu ya dera, amelala chali kwenye boksi lililokunjuliwa. Jeki imeinua, magogo yamewekwa chini ya chasisi. Isihaka analegeza, yeye anapokea. Harufu ya grisi, jasho, na udi wa kwenye mtandio wake vilikaa pamoja mle chini, na Isihaka akawa hawezi kukumbuka spana ipi ni ipi.

"Kumi na saba," Kuruthumu alisema, akampa.

"Nisamehe."

"Shika spana."

"Nimeshika. Nisamehe. Nilikutukana mbele ya watu, na ungekuwa umenidhulumu kweli, bado ningetakiwa nikupigie wewe kwanza. Niliumia nikataka na mwingine aumie."

Kuruthumu alitazama chuma kilichokuwa juu ya uso wake. "Mjomba hakunitukana," alisema. "Angenitukana ingekuwa afadhali. Watu wanarudisha filta, Isihaka. Filta mpya."

"Nitaifuta ile sauti."

"Kufuta hakutoshi. Utasema pale pale, kwa mdomo ule ule."

Isihaka akatoa mkono wake mweusi wa grisi, akaiweka simu kati yao, akabonyeza. "Jamani mafundi. Ni Isihaka wa Kibondo. Springi za kwa Mzee Nurudini ni halali, na dada Kuruthumu ni mkweli kuliko mimi. Kosa ni langu. Niliagiza ya dereva bila kusema dereva wangu anakaa kushoto. Nilimtukana bure. Aliyesambaza ile, asambaze na hii." Akatuma bila kuisikiliza.

Kuruthumu akaichukua simu yake mwenyewe. Akarekodi hapo hapo, kwenye kundi hilo hilo, ambalo mjomba wake alikuwemo. "Nusu ya kosa ni yangu, nilizoea Tanga. Nusu tu. Na matusi ni ya kwake peke yake."

Gari lilipokuwa tayari, Mzee Salumu alikataa mtu yeyote kupanda naye. Akakaa upande wake, kushoto, akagusa kitambaa cha mkewe kwenye kioo, akawasha. Isihaka na Kuruthumu wakasimama juu ya mteremko wakitazama. Yule mwenye suti alisimama nyuma yao na kikombe chake.

Landrova ikaanza kushuka. Haikulala upande. Ilipofika kwenye mashimo ikapanda na kushuka, ikatulia, ikaendelea. Isihaka alikuwa anahesabu kila mtikisiko kwa meno. Kisha pale penye kona, pale pale palipowameza juzi, mkono wa mzee ukatoka dirishani. Halafu kwenye sehemu iliyonyooka, ukatoka na wa pili, yote miwili juu, akaipungia mbingu. Usukani ameuacha. Gari likaenda lenyewe, limenyooka.

Isihaka alilia. Alilia waziwazi, mafundi wanamtazama. Kuruthumu hakumshika mkono, maana watu walikuwepo, lakini alisogea mpaka bega lake likagusa mkono wa shati lake.

Mzee alirudi, akashuka, akamwendea mnunuzi. "Maua," alimwambia, "kapande kwenye ndoo."

Jioni hiyo Isihaka alimwambia Kuruthumu atamrudisha Kasulu kwa gari. Kuruthumu akacheka kwa pua.

"Nilikuambia nini kuhusu upande wa abiria?"

"Kwamba hukai. Kwa mwanamume yeyote."

"Basi niitie bodaboda. Bado nina hasira na wewe."

Akapanda basi. Lakini kufika Kasulu tu, namba ya Isihaka ikafunguliwa.

Ugomvi ukaendelea kama kawaida, nazi, maharage, dera. Mpaka siku moja, katikati ya kubishana, Isihaka akasema kwa mkupuo, "Nataka kuleta wazee kwa mjomba wako."

Kwenye simu kikasikika kiti kikivutwa.

"Kuruthumu?"

"Wazee wa nini?"

"Wa kukuposa. Safari hii nasema kila kitu mapema. Nakupenda. Nilikupenda ukiwa unajifuta ile grisi na kunitukana. Sitaki ukisie."

"Nione gari kwanza limefika Kasulu bila kuyumba," alisema Kuruthumu. Akakata.

Siku ya gulio Landrova ikasimama mbele ya duka la Mzee Nurudini, imeoshwa, inang'aa kijani. Isihaka alishuka na shati jeupe, lile lile. Kuruthumu akatoka. Alikuwa amevaa dera jipya la rangi ya maziwa, mtandio wa dhahabu, hina mbichi. Wauza maharage walinyamaza. Hata yule wa dawa ya panya alipunguza sauti.

Isihaka akamnyooshea ufunguo. "Nakumbuka ulivyosema. Endesha wewe. Mimi nitakaa kwa abiria."

Kuruthumu akauchukua ufunguo. Akazunguka mbele ya gari polepole, akapita taa moja, akapita nyingine, akafungua mlango wa kulia, akapanda, akakusanya dera lake, akafunga mlango. Akakaa pale pasipo na usukani, mikono mapajani.

Isihaka akaanza kucheka. Akaja dirishani, akaegemea. "Tanga bado haijakutoka? Umekosea upande tena."

Kuruthumu akamwekea ufunguo kiganjani, akamkunjia vidole juu yake.

"Sikukosea," alisema. "Endesha."